Gamba Lenye Mkato

Wifi yangu Ruqayya hutengeneza chapa za chuma za kupambia ngozi, hapa Kaloleni, mtaa ulio karibu na ziwa, kwenye kibaraza alichoachiwa na kaka yake Mukhtar, marehemu mume wangu. Watu humwita fundi viatu. Wanakosea. Washona viatu ni wengi. Chapa inayogongwa miaka na miaka bila kufifia hutoka mkononi mwake.

Chapa ya ukoo wetu ni gamba la ngege, samaki wa ziwa letu. Mukhtar aliichonga ujanani kwenye kichwa cha bolti, tupa ikamteleza, ikaacha mkato mdogo ubavuni. Hakuufuta. Tangu hapo kila mshipi, kila kiatu na kila mkoba uliotoka kwetu umebeba magamba yanayofuatana kama viwimbi vya ziwa, kila moja na mkato wake.

Alipofariki aliacha jalada la msahafu limepambwa nusu, sadaka yake kwa msikiti. Ruqayya alipolichukua alimalizie, bolti ile kuukuu ilipasuka kwa pigo la kwanza.

"Nunueni chapa ya maua," alisema Walter, mchomeleaji wa jirani. "Huku samaki, huku bustani!"

"Jina la Mukhtar haliingii msikitini na viraka, Bwana Walter," nilimjibu.

Ngozi ile Mukhtar aliichagua mwenyewe, na hakuacha nyingine. Pambo jipya likikataa kuungana na la zamani, basi tena.

Ruqayya akabana bolti mpya kwenye jiliwa, akaanza kupiga tupa, akijaribu alama yake kwenye kipande cha sabuni. Nje, vidudu vya ziwani vilipanda angani kama moshi usio na moto. Mchana ukalegea. Sauti ya tupa ikawa kama pumzi ya mtu aliyelala, nami nikaijua pumzi ile ya Mukhtar, nikasogea polepole isije ikaamka.

Gamba likatokea, safi kabisa. Ndipo akageuza tupa achonge mkato.

"We nyar Kaloleni, binti wa hapa, hata kosa mnanakili?" Walter akacheka.

"Wewe washa moto," Ruqayya akamjibu. "Wateja wetu wa Katito huutafuta mkato huu kabla hawajauliza kiatu ni namba ngapi."

Bolti ikaiva motoni, nyekundu kama pilipili, ikazamishwa kwenye oili chafu ya injini, ikalia. Kisha akaisugua, akaipasha tena polepole hadi uso wake ukawa rangi ya asali, maana chuma kikiachwa kigumu mno hupasuka.

Akalowesha ngozi, akaiweka chapa ubavuni mwa gamba la mwisho la kaka yake.

"Wifi, nishikie hapa."

Nikashika. Nyundo ikashuka, ikashuka tena.

Alipofika ukingoni nilipitisha kidole toka mwanzo, nikitafuta mahali kaka alipoachia na dada alipopokea. Nikarudia, macho nimefumba. Kidole kiliogelea tu, mkato baada ya mkato, hadi ngozi ikaisha.