Pilipili Kwenye Pua ya Mbwa Wangu

Kamba ya mbwa wangu nilimpa shemeji mimi mwenyewe. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu hapa Ihanda wananipa pole kana kwamba niliibiwa.

Kwetu mwanamke anayenyonyesha hashiki mbwa wa kwenda kuwinda. Eti mbwa atanusa maziwa badala ya nguruwe. Upuuzi mtupu. Yule mbwa nilimlea nikiwa na mimba, nikamfundisha nikiwa na mtoto mgongoni, na hakuna siku alichanganya hivyo vitu viwili. Lakini nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi ya watu, wanaume wamekusanyika, na anayeongoza msako ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Nikaona nisigombane. Siku moja kabla ya msako nikamkabidhi mbwa.

Alikuwa jike wa mwisho wa mbwa wa marehemu baba. Mama yake alikufa akizaa, ndugu zake wakaharisha damu wakafa mmoja mmoja, akabaki yeye, namnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Baba hakutaka mbwa wa kazi moja. Mbwa wake alinusa, alimwona kanga kwenye majani akasimama kimya mpaka aambiwe, alimzuia nguruwe bila kujipeleka kwenye meno, na ndege akianguka alimleta mkononi bila kumtafuna. Hilo la kuleta nilimfundisha kwa yai bichi: alichukue bandani, alifikishe jikoni zima. Mwanzoni aliyavunja sana.

"Mama," mume wangu akaniuliza, "hayo mayai tunakula sisi au anasoma mbwa?"

Akafaulu. Kunusa nilimfundisha kwa ngozi ya ndezi. Naikokota kwenye mabua, naificha, namwachia. Mwishowe aliipata hata mvua ikiwa imenyesha.

Nilichokuwa nataka ni watoto wake, basi. Hasamba kulikuwa na dume wa ukoo huohuo, baba alimpa mzee mmoja rafiki yake. Jike langu likiingia joto, nampeleka. Bila hivyo mbwa wa baba wamekwisha.

Wanaume walirudi bila nguruwe. Mbwa wangu anakohoa, macho mekundu, pua imevimba, inatoka kamasi yenye damu.

"Mmempa nini?"

"Dawa ya ukali, shemeji," akasema yule anayeongoza. "Pilipili kichaa, ugoro, na nyigu wa kuchoma. Mbwa wako alikuwa mpole kama mwanakwaya."

"Mmempaka wapi?"

"Si puani? Ndiyo inapanda kichwani."

Mwenzake mmoja akadakia, "Mbwa akifundishwa na mwanamke anawinda mayai!" Wakacheka wote. Mtu mzima na akili zake anachukua mbwa anayeishi kwa pua, anaijaza pilipili, halafu anashangaa nguruwe hakuonekana.

Bwana mifugo alimchoma sindano, uvimbe ukaisha. Nikakokota ngozi. Aliikanyaga akapita. Akarudi, akaniangalia, akaikanyaga tena. Mwezi mzima nilikokota ile ngozi kama mwendawazimu.

Alipoingia joto nilimpeleka Hasamba hivyohivyo.

"Shikamoo baba," nikamwamkia yule mzee mwenye dume.

"Marahaba, mwanangu. Acha kulia. Pua iliyounguzwa watoto hawairithi. Watazaliwa na pua zao."

Nilimwamini, na ni kweli. Ila tangu siku ile jike langu halikubali kiumbe chochote kisogelee kichwa chake. Dume lilikuja linatikisa mkia, likararuliwa sikio. Siku ya pili likajificha chini ya chanja za kahawa, halikutoka. Siku ya tatu mzee akasema tumshike kwa nguvu. Akang'atwa kiganja, meno yakatokea upande wa pili. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Mrudishe nyumbani, mwanangu," akasema, anafunga mkono kwa leso. "Dume langu limezeeka. Haliwezi vita."

Halikumaliza masika. Lilikufa.

Shemeji alikuja nyumbani, mbwa akamrukia mpaka kamba ikakaza. Jamaa akafurahi kweli kweli.

"Umeona sasa? Ameiva! Kuna mwenye ghala kule mjini Mpemba anatafuta mbwa wa hivi hivi. Si ungenishukuru?"

Nilimtazama usoni nikitafuta uovu, nimchukie nipumue. Haupo. Alidhani ananisaidia. Na mimi niliyejua ule mwiko ni upuuzi nilinyamaza nikampa kamba, nikiogopa kuitwa mwanamke mwenye mkosi.

Nilimwambia atoke uani kwangu. Jike bado limefungwa nyuma ya jiko, halijazaa. Mwanangu ameanza kutembea. Kati ya yote baba aliyonifundisha kuhusu mbwa, sina la kumfundisha ila moja: asimsogelee.