Kujitoa ni Uwanjani

Jogoo wa jirani bado amelala, lakini Lorna Kubicek ameshapiga teke magurudumu yote ya basi lake la manjano. Anapanda, anawasha taa, anapita kati ya viti akiinama. Anaokota soksi moja na tufaha lililong'atwa mara moja tu.

"Wazazi wa watoto hawa wanadhani wanakula matunda," anasema, na kulirusha dirishani.

Lorna, mwenye miaka sitini na saba, ni dereva wa basi la shule katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, mahindi mbele, mahindi nyuma. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa, na shule ikifungwa, mshahara nao hufungwa. Wiki hii ni ya mwisho kabla ya likizo. Wenzake wanaisubiri Ijumaa kwa vigelegele. Yeye hana haraka nayo.

"Asubuhi nina watoto hamsini wananipasua masikio. Mchana narudi nyumbani nasikiliza friji ikinguruma. Tangu mume wangu afariki, friji ndiyo msemaji mkuu mle ndani."

Zamani likizo ilikuwa na dawa yake. Kwa miaka ishirini na sita, kila Juni, Lorna na mashoga zake wawili, Twyla Hagge na Bernadine Schutte, madereva wenzake wa mabasi ya shule, walijipakia kwenye gari lake kuukuu na kwenda kutazama besiboli wiki nzima, uwanja hadi uwanja, Des Moines hadi Davenport. Walifuata timu ndogo, zile ambazo wachezaji wake bado wana chunusi. Walitafuna karanga, maganda wakayamwaga miguuni, na walimshangilia yeyote anayefungwa. Akipata nafuu na kuongoza, wanamhama.

"Tumetukanwa na mashabiki wa pande zote mbili," anasema kwa fahari.

Sheria yao ilikuwa moja, na aliitunga Twyla: hakuna kujitoa kwa simu. Aliyechoshwa na safari aje akae nao uwanjani, mchezo uishe, ndipo atamke. Bernadine alijitoa karibu kila mwaka, jua likimchoma pua. Na kila Juni alikuwa wa kwanza mlangoni, kofia ya majani kichwani.

Oktoba iliyopita moyo wa Bernadine ulisimama. Tangu hapo, kiti chake cha mbele katika gari la Lorna hakijawekwa hata mfuko wa viazi.

"Hakujitoa," anasema Lorna, akisugua usukani uliokwisha kung'aa. "Alikufa tu. Kwa sheria yetu, bado yumo."

Aliyebaki ni Twyla, ambaye sasa anaishi kwa mwanawe Des Moines. Simu yake inaingia Lorna akiwa ngazini mwa basi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Lorna, shoga yangu, mwaka huu siji."

"Kuna nini?"

"Nyonga yangu haitaki mabenchi ya bati. Halafu tutakaa wawili tu, kama tuliogombana na dunia nzima?"

"Unajitoa?"

"Najitoa."

"Sikusikii. Kujitoa ni uwanjani. Sheria ile alitunga nani?"

"Nilikuwa na bia tatu kichwani!"

"Basi njoo uifute ukiwa na ya nne."

"Kibibi mkorofi wewe! Nije mpaka Davenport kusema siji?"

"Ndiyo. Nakupitia Jumamosi. Beba mto wa kukalia."

Sauti ya Twyla inakuwa ndogo. "Na kile kiti cha mbele?"

"Wewe unakaa nyuma, kama siku zote."

Upande wa pili mtu anapenga kamasi. "Nitaona," anasema Twyla, na kukata.

Lorna anaimaliza kahawa kwa funda moja. Kisha anaketi na kuwasha injini.

"Akija, atakuja kujitoa kweli. Namjua," anasema. "Lakini besiboli haina saa ya kuisha, wala haina sare. Timu zikilingana, wanaongeza raundi, na nyingine, na nyingine. Kwa hiyo mimi nitamshangilia anayefungwa mpaka koo likauke. Asawazishe. Asawazishe tena."

Anafunga mlango wa basi tupu.

"Mchezo usipoisha, hajajitoa mtu."