Ngata ya Tai za Papa

Bomba la maji la mji lilipita kando ya mtaa wetu bila kusimama. Lilikuwa limezikwa chini ya barabara ya lami, likielekea kwenye nyumba za wakubwa, na sisi watoto tulilala kifudifudi tukatega sikio kwenye kifuniko chake cha chuma ili tuyasikie maji yakienda kuogesha watoto wa watu wengine. Mimi nilikipiga teke kifuniko kile kila nilipopita. Niliambiwa nina hasira za bure, na hasira ni hasara, lakini teke lile lilinipa raha sana.

Huku bondeni Kabondo watu walikuwa wamejijengea tu, bila karatasi ya mtu yeyote. Maji yetu yalitoka kwenye chemchemi chini ya mteremko, pale mtu fulani wa zamani alipochomeka kipande cha mwanzi ili yatiririke vizuri. Njia ya kwenda huko ilikuwa ya udongo mwekundu, na ulikuwa ukiteleza kila mvua ikinyesha. Mvua Kisangani si mgeni, ni mwenyeji.

Chemchemi ilikuwa mahali pa wanawake. Wanaume waliyanywa maji yake, wakayaoga, wakalalamika yakichelewa, ila kuyafuata hawakuyafuata. Nilikuwa na umri wa miaka kama saba, na nilibeba kibati changu kidogo nyuma ya mama. Yeye alibeba ndoo kubwa ya chuma kichwani, mikono yote miwili ikining'inia huru, akiongea nami njia nzima bila tone kumwagika.

Halafu mama akapata mimba. Kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka mbili, zote katika siku za kupanda mteremko na ndoo. Baada ya ile ya pili alikaa muda mrefu bila kuimba, na mama yangu alikuwa mtu wa kuimba hata akimenya mihogo. Safari hii muuguzi wa zahanati alimwambia mbele ya papa, baba yangu, kwamba alale, asinyanyue kitu kizito hata kimoja, la sivyo mtoto huyu naye atakwenda. Papa aliitikia kwa kichwa. Nadhani wakati ule hakufikiria kwamba kitu kizito kuliko vyote nyumbani mwetu kilikuwa maji.

Shangazi aliitwa kutoka Maniema aje kutusaidia. Kwa meli na treni za siku zile, alifika mtoto akiwa anatambaa. Majirani walituletea maji mwanzoni, Mungu awabariki, lakini kila mmoja alikuwa na nyumba yake na watoto wake. Vijana waliouza maji kwa baiskeli waliishia barabarani, hawakutaka kuvunjikia kwenye mteremko wetu. Kibati changu kilitosha uji na kunawa uso tu. Jioni moja papa alirudi kutoka kazini akamkuta mama amesimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Ku source, kule chini ku mayi. Nyumba iko kavu."

Papa akamnyang'anya ndoo. "Rudi ulale. Mimi njo nitaenda."

"Weye?" Mama alicheka kicheko cha mtu mwenye hofu. "Mutu ya bureau?"

Papa alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Alivaa abacost, lile koti la kufungwa hadi kooni ambalo wanaume wa Zaire walilivaa baada ya suti na tai kupigwa marufuku, kwamba ni mambo ya Wazungu. Alishuka hivyo hivyo na koti lake, ndoo mkononi, akarudi nusu ya maji ikiwa kwenye suruali. Safari ya pili aliiweka begani, ikamwagikia sikioni. Mama alikuwa kitandani akilia, na hakuwa akililia suruali. Papa akishindwa, yeye ataamka aende, na sote watatu tulijua akienda nini kitatokea.

"Beba ku kichwa," alimwambia.

Papa alivuta pumzi. Maji ukiyavulia nguo, alisema, huna budi kuyaoga. Ila jambo moja alilikataa kabisa, nalo ni ngata, kile kitambaa kinachoviringwa na kuwekwa kichwani chini ya mzigo. Mama alikuwa amemnyooshea ya kwake, ya kipande cha kitenge chenye maua.

"Kikwembe ya mwanamuke ku kichwa yangu? Apana." Heshima yake yote ilikuwa imekimbilia kwenye kile kitambaa.

Mama naye alikuwa na ulimi. "Bon. Utabeba na ya wanaume."

Akaniambia nivute sanduku lililokuwa uvunguni. Mle ndani, chini kabisa, zilikuwa zimelala tai za papa tangu zilipokatazwa, tatu, moja nyekundu ambayo aliifunga siku ya ndoa yao. Hakuthubutu kuzivaa, na moyo wa kuzitupa hakuwa nao. Mama alizisuka kama anavyosuka nywele zangu, akaviringa, akafunga mwisho wake. Tai za siku zile zilikuwa na kitambaa kizito ndani, kwa hiyo ikatoka ngata nene, safi, ngata ya mwanamume mwenye kazi ya serikali. Nilidhani papa atakasirika. Aliipokea, akaanza kucheka, na mama akacheka, hadi mama akashika tumbo ghafla na sote tukanyamaza. Haikuwa kitu. Lakini nakumbuka ukimya ule kuliko kicheko.

Mafunzo yalifanyika chumbani. Mama alilala ubavu, na papa alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na sufuria ya maji kichwani, uso umekunjamana kama yuko kwenye mtihani.

"Usiangalie miguu!" mama alimkemea. "Miguu inajua njia. Angalia mbele, fasi unaenda."

Alimrudisha mlangoni tena na tena mpaka sakafu yetu ya udongo ikawa matope. Mimi nilipiga makofi kila alipofika dirishani. Alipofika bila kumwaga, mama alifumba macho akasema sasa anaweza kulala.

Tangu siku hiyo tulishuka wawili, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, yeye na ndoo, mimi na kibati. Asubuhi ya kwanza wanawake waliacha kuchota wakatutazama. Kisha mwanamke mmoja akapaza sauti kwa Kilingala: "Mobali akomi mwasi!" Mwanamume amegeuka mwanamke. Wakacheka hadi wakaegemeana. Mimi niliokota bonge la udongo.

"Acha," papa alisema, shingo imesimama wima chini ya ndoo. "Nikigeuka nitamwanga mayi."

Mama mmoja mzee, ambaye neno lake ndilo lililopanga foleni pale, aliuliza tu ni nini kimempata mke wake. Papa alimjibu. Mama mzee akawageukia wenzake, akasema mambo ya mimba hayachekwi, na yeyote anayetaka kucheka ampe mume wake ndoo kwanza tuone. Kuanzia hapo walimtania, lakini kwa upole, wakimwita *mama ya bureau*, na papa aliitikia.

Ikaja Jumamosi moja ya salongo, kazi ya lazima ya pamoja, kila mtu na panga au ufagio wake. Mkubwa wa mtaa wetu wa chama tawala, chama kile kilichokataza tai, alishuka kusimamia usafi wa mifereji karibu na chemchemi. Mvua ilikuwa imenyesha. Papa alijitwisha ndoo, akageuka kupanda, mguu ukateleza. Alijishikilia kwa magoti, na ndoo ikabaki juu. Ila ngata ikalegea, na ncha ya tai nyekundu ikateremka ikamlalia puani.

"Citoyen," akasema mkubwa wa chama, yaani raia, kama kila mtu alivyoitwa siku zile. "Hii ni nini?"

"Ni ngata, chef."

"Mimi naona cravate."

Watu walikuwa wamewahi kufedheheshwa kwa tai, na ndani ya ngata ile zilikuwa tatu. Sikuwaza habari za chama. Niliwaza kwamba wakimchukua papa leo, kesho mama atafunga kitenge chake na kushuka, na baada ya hapo hataimba tena kamwe. Nilikibana kibati changu kifuani kwa nguvu.

Mama mzee akapangusa mikono yake. "Chef, cravate inavaliwaka ku shingo. Ile walikataza ni ya ku shingo. Hii iko ku kichwa, na juu yake kuko mayi ya mwanamuke ya mimba."

Mkubwa wa chama alimsogelea papa, akaishika ile ncha nyekundu, akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaizungusha mara mbili, akaipenyeza ndani ya ngata, akaikaza. Aliifanya vizuri kuliko papa, vizuri hata kuliko mama. Vidole vile havikuanza siku hiyo kushika tai.

"Peleka mayi, citoyen," alisema. "Na ufiche mukia."

Mdogo wangu alizaliwa mzima, wa kike, mwenye sauti ya kuudhi mtaa. Maji ya kumwogesha aliyafuata papa mwenyewe, ndoo imejaa hadi ukingoni. Baada ya arobaini mama alitaka ndoo yake irudi, na ngata ya tai akaichukua pia. Alisema imezoea kazi.

Miaka ikapita. Bomba halikushuka bondeni kwetu, ila nchi iligeuka, na tai zikaruhusiwa tena. Mwaka huo huo nikaolewa. Asubuhi ya ndoa mama aliifungua ngata kuukuu. Tai mbili zilikuwa zimeoza kwa unyevu, ile nyekundu peke yake ilikuwa imepona. Mdogo wangu, binti mkubwa sasa, aliipiga pasi ya makaa mara nyingi, na kila akiinua pasi tai ilijikunja upya, ikarudi kuwa duara.

"Nitanunua ingine," alisema papa.

"Acha ile ile," mama alijibu, akamfunga mwenyewe, akamnyooshea kola.

Kanisani ncha ya tai ilipinda juu hadi karibu na kidevu chake. Niliwaona watu wakiziba midomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutamani bonge la udongo. Nilimpenda mno siku ile. Mdogo wangu alitangulia na maua, akiimba na kwaya kwa sauti yake ile ile, na papa akanishika mkono tukaanza kutembea. Shingo yake ilikuwa wima. Hakuangalia miguu. Aliangalia mbele, kwa mdogo wangu, yule mtoto aliyembebea maji.