Uzi wa Sweta Nyekundu

Leo nilipofua sweta ya shule ya mdogo wangu, harufu ya sufu iliyolowa ilinirudisha kwenye chumba chetu cha zamani, karibu na soko la Kariokor. Siku hiyo nilikuwa nimetoka shule ya nasari. Nilikuta kitanda cha Mama kimeinuliwa juu ya matofali upande wa miguu, naye amelala juu yake kichwa kikiwa chini. Nilipiga yowe.

"Nyamaza wewe, sijafa! Daktari amesema nilale hivi, mtoto asitoke kabla hajakomaa."

Ndipo nikaona anachofanya. Alikuwa akifumua sweta yangu nyekundu, na mkono mmoja ulikuwa umeshaisha!

Jirani yetu, aliyekuwa akimletea uji, naye alishtuka. "Ai, wewe! Mtoto hajazaliwa na unamtengenezea nguo? Unataka mkosi?"

"Kwani nimefuma kitu? Mimi nafumua tu."

Jirani alicheka mpaka uji ukamwagika. Mama akanipa ncha ya uzi.

"Vuta polepole, usikatike."

Nilivuta polepole, sikuthubutu hata kukohoa. Niliamini kabisa kwamba mtoto aliye tumboni ameshikilia ncha ile nyingine.