Nilimwambia Mama Ni Nyuki

Nimevumilia mengi, lakini uvumilivu wangu uliishia mchana ule mama yangu alipouma risasi kwenye supu.

Tulikuwa mkekani, mimi, mama na binti yangu wa miaka minne. Mume wangu, nitamwita Baba Nasra ingawa silo jina lake, alikaa kigodani mlangoni akisafisha bunduki. Supu ilikuwa ya kwale, kawawinda mwenyewe. Akamwambia mama kwa mbwembwe, "Kunywa mama. Supu ya kwale inarudisha nuru ya macho."

Mama akatafuna, akasita. Akatoa kitu mdomoni, akakiviringisha vidoleni. Kipunje cha risasi, kama punje ya mtama. Halafu, jamani, akapeleka mkono shavuni, chini ya lile jicho lake lililokufa, penye kiuvimbe kigumu. Akabonyeza. Akarudi kwenye kipunje. Akabonyeza shavu tena.

"Mbona vinafanana?"

Baba Nasra akacheka! "Hicho cha shavuni mwiba wa nyuki, mama. Nyuki wa huku mlimani wana miiba ya chuma!"

Niliinua sufuria ya supu nikaimwaga yote mlangoni, miguuni pake, juu ya bunduki yake. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Mwambie! Mwambie sasa hivi, au namwambia mimi!"

Lakini msinionee huruma. Ule uongo wa nyuki nilitunga mimi.

Nianzie kwenye bunduki. Ni ya mitutu miwili, ya kale, unaikunja katikati kama unavunja muwa ndipo unaweka risasi. Risasi moja ina vipunje vingi, tunaita marisau, vinatawanyika hewani. Iliachwa na bwana mmoja wa mashamba ya mkonge, ikaja kwa mjomba wake Baba Nasra, ambaye aliimiliki kihalali. Mjomba alipofariki, ukoo ukakaa. Kwetu Waluguru mpwa ndiye mrithi, na harithi vitu tu, anarithi na jina. Baba Nasra akavishwa kanzu ya marehemu, akaitwa kwa jina la marehemu, akakabidhiwa bunduki.

Sasa sikieni ujinga wetu. Kibali kilikuwa kwa jina la mjomba. Na yeye si ndiye mjomba sasa? Jina analo! Tukaona mambo yamekwisha, polisi twende kufanya nini? Hata mimi niliyemaliza kidato cha nne nilimuunga mkono. Mama mmoja jirani aliponiuliza nilimjibu kwa jeuri, "Mwenye jina ndiye mwenye kibali, shangazi."

Na niseme ukweli, nilifurahia. Alikuwa na mbwa wa madoa aliyepewa na mhadhiri mmoja aliyehama mjini. Mbwa yule akinusa kwale anaganda, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, hatikisiki mpaka uje. Nilikuwa nafuatana nao kubeba ndege. Nilijiona! Wenzangu wanakula dagaa, mimi nanyonyoa kwale.

Siku hiyo tulipita kando ya shamba la mama. Naam, la mama, la ukoo wetu, Baba Nasra amekuja kukaa kwetu. Mbwa akaganda ukingoni mwa maharage. Baba Nasra alishawahi kunifundisha mwenyewe: kwale akiruka chini chini usipige, subiri uone anga nyuma yake. Kwale wakaruka chini chini, kuelekea maharage. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Piga, wanaondoka!"

Akapiga. Mitutu yote miwili.

Mama alikuwa ameinama anapalilia. Hatukumwona. Tulisikia tu sauti yake, "Yalaa! Nyuki! Nyuki wananiua!"

Maskini, mlio alisikia, lakini alishazoea milio yetu. Alivyochomwa usoni na mkononi kwa pamoja, akili yake ikaenda kwa nyuki. Nikamkuta ameshika jicho, damu inachuruzika, anapunga khanga kufukuza wadudu ambao hawapo.

Baba Nasra akanitazama. Nikaona mlango wa kutokea, nikaupita.

"Ndiyo mama," nikasema. "Ni nyuki. Pole mama."

Mungu wangu!

Zahanati nikasema nyuki, na jicho amelikwaruza kwa kijiti akikimbia. Wakatupa dawa ya kupaka na vidonge. Mhudumu akasema jicho likiendelea kuuma mpelekeni hospitali kubwa. Likaendelea. Mama analia, "Mwanangu, mbona giza?" Mimi namjibu, "Sumu ya nyuki inakaa, mama. Itatoka." Kwa sababu hospitali kubwa wangeona risasi, wangeuliza fomu ya PF3, na PF3 ni polisi, na polisi ni bunduki.

Nilipotaka kulegea, Baba Nasra alinikamata hapo hapo. "Nenda kaseme. Nani alidanganya zahanati, mimi? Nani alisema piga? Mimi nikienda gereza la Kingolwira na wewe unafuata. Mtoto atabaki na nani? Na bibi kipofu?"

Nikakaa. Nikawa kama kuku aliyefungwa mguu: naona nje, siendi. Nampikia, namfulia, nalala naye, na bunduki iko chini ya kitanda, hapo hapo anapochezea mwanangu. Nikimwangalia mama anavyopapasa ukuta upande wa kushoto, natamani ardhi inimeze. Mama ananishukuru! "Mungu akubariki, hujaniacha." Nikawa nakimbilia chooni kulia.

Na Baba Nasra anaendelea kuwinda. Asubuhi anapita na mbwa wake anampa shikamoo mama, "Leo usiende shamba la juu mama, tunapita huko." Anamkataza mwenye shamba shamba lake!

Basi, siku ya supu nilimwambia mama yote, mbele ya majirani. Nilidhani atanipiga. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

Akajifunga khanga yake, akaenda kukaa kwa dada yake. Hospitali alikubali kupelekwa, lakini na dada yake. Daktari akasema jicho hilo basi tena, ila lingeletwa mapema wangejaribu kuliokoa. Hilo "wangejaribu" nalala nalo, naamka nalo. Sasa dawa ya kulilinda jicho la pili hataki nimwekee mimi. Nikifika anasema, "Weka hapo mezani," anasubiri niondoke.

Wanawake wenzangu, nasema bila haya. Bunduki ikirithiwa nyumbani kwako, jina la ukoo si kibali! Ipelekeni polisi msiba ukiisha, hata kama wakwe watanuna. Mtu akiumia, sema kilichomuumiza saa ile ile. Muuguzi mmoja ameniambia mgonjwa hutibiwa kwanza, karatasi hufuata. Ningelijua! Na mwanaume anayekwambia "na wewe umo" anataka ubaki humo. Toka, hata kama kutoka kwenyewe ni kupitia kituoni.

Mimi nimekwenda. Nilikwenda na mwanangu mgongoni.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Unamlalamikia nani?"

"Mume wangu. Na mimi."

Akaweka kalamu chini. "Dada, mlalamikaji hawezi kuwa mlalamikiwa."

"Basi nitafutie mstari mwingine, afande. Lakini niandike."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akaandika. Haya ndiyo maelezo niliyotoa, majina nimeyaondoa:

"Mimi ni mkulima, mkazi wa Morogoro, nina akili timamu na sijalazimishwa na mtu. Namlalamikia mume wangu kwa kumiliki bunduki ya mitutu miwili ambayo kibali chake ni cha mjomba wake marehemu, na kwa kumpiga risasi mama yangu mzazi kwa bunduki hiyo akiwa shambani kwake, na kumsababishia upofu wa jicho la kushoto. Bunduki iko chini ya kitanda, upande wa ukutani, na risasi ziko kwenye ndoo ya unga. Naomba ichukuliwe leo, nyumbani kuna mtoto. Najilalamikia na mimi mwenyewe kwa kutoa maelezo ya uongo zahanati, na kwa kumficha mama yangu kilichompata mpaka jicho likafa. Mimi ndiye niliyesema piga. Mama yangu hahusiki na uongo huo na hakuujua. Akiitwa kutoa ushahidi naomba asiletwe na mimi, aletwe na dada yake. Nimesomewa maelezo haya nikaona ni sahihi, nimeweka sahihi."