Bajeti ya Moto wa Uani

Mimi nina mkono wa birika, na sioni haya kusema. Kwa hiyo mume wangu aliponionyesha kwenye simu picha ya sehemu ya kuotea moto, imejengwa uani kwa mawe ya asili, ina ukuta kwa nyuma na dohani ndefu ya kutolea moshi, nilimuuliza ameokota dhahabu wapi. Yeye anauza nafaka soko la Majengo. Nijuavyo mimi, kwenye magunia ya mtama hamna dhahabu.

"Ni kwa ajili ya baba," akasema.

Baba yangu alihamia kwetu Msalato baada ya mama kufariki, nyumba yao ya Kongwa akamwachia jirani aiangalie. Hakuzoea. Jioni za Juni, upepo unapoanza, alikuwa anajifungia chumbani na blanketi lake, na alishasema wazi kwamba baridi ikiisha anarudi kwake. Kurudi kwa nani? Mzee yule, macho yake hafifu, peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne! Kila nikiwaza hivyo niliiona simu ya jirani ikiingia, kwamba ameanguka tangu jana na hakuna aliyejua. Lakini maisha yake yote alikuwa ameota moto nje, karibu na zizi la ng'ombe. Pengine moto ungemshika asiondoke.

Kilichoniuma zaidi ni yeye na mume wangu. Shikamoo baba, marahaba, basi. Mmoja akiwa sebuleni, mwingine hakai. Sisi tulifunga ndoa bomani, maana mume wangu ni Mwislamu wa Kondoa na mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa. Niliamini baba hajatusamehe.

Tukakaa mezani na fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya geti. Mawe yenyewe hayakunitisha. Dodoma mawe tunayo ya kugawa, unacholipia ni lori na jasho la kupakia. Nilitaka hata tuyaokote korongoni bure, fundi akakataa: jiwe lililolala majini likipata moto linapasuka, litamtoa mtu jicho. Tukanunua tripu mbili za mawe ya mlimani, saruji, mchanga, na matofali ya kuchoma ya kuzungushia ndani. Kisha nikaanza kukata. Vigae vya chini, nikafuta. Taa za ukutani, nikafuta. Kwenye picha kulikuwa na viti vya mawe pande tatu. Nikabakiza benchi moja refu, linalotazama moto.

Dohani ndiyo ilitugombanisha. Ilikuwa inameza theluthi ya fedha zote.

"Toa hiyo," nikasema.

"Moshi utamuumiza baba macho," akajibu, na hakurudi nyuma hata hatua. Nilikasirika, huku moyoni nikimpenda.

Jioni ya kwanza moto uliwaka vizuri mno. Mume wangu akaketi ukingoni mwa benchi, akaita, "Baba, karibu tuote." Baba akatoka na blanketi, akasimama, akaangalia moto, akaangalia benchi.

"Asante, mwanangu. Joto nimelipata," akasema, akarudi ndani.

Jioni ya pili hivyo hivyo. Ya tatu sikuvumilia, nikamfuata chumbani. "Baba, tumekula fedha za geti kwa ajili yako. Huyu mtu amekukosea nini? Kama ni dini, sema leo tujue moja."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Dini imetoka wapi? Mwanangu, unataka nikae ubavuni kwa mkwe, bega kwa bega, kama wanywaji kilabuni? Mkwe anakaa upande wake, na mimi upande wangu, moto katikati. Hapo tunaongea. Sasa upande wangu mmejenga ukuta."

Nilimweleza mume wangu. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ananiona najisi."

Asubuhi alichukua nyundo, akaanza na dohani. Mimi nilijifungia jikoni nisisikie fedha zikianguka. Fundi akaitwa tena, akalipwa tena, na mawe ya ukuta yakawa benchi la pili, ng'ambo ya moto. Ukiniuliza hesabu ya mwisho sikwambii. Geti letu mpaka leo ni mabati.

Jioni benchi lilipokamilika, baba alikuja bila kuitwa. Moshi ukawaingia machoni wote wawili, wakawa wanafuta machozi huku wakibishana kama uwele unahifadhika vizuri kuliko mtama. Baba alisema mume wangu anajua kuuza nafaka tu, kulima hajui. Mume wangu akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia mbele ya baba. Nilisahau wali jikoni ukaungua, tukaula hivyo hivyo.

Baridi ilipoisha, asubuhi moja nilimkuta baba uani amevaa koti, mkoba mkononi.

"Unaniacha, baba?"

"Nakwenda Kongwa na mkwe. Jioni tunarudi."

"Kufanya nini?"

"Kuifunga ile nyumba. Tumwambie jirani ahamishie kuku wake kwake. Vyungu vya mama yako nitakuletea."

Mume wangu alikuwa ameshawasha gari. Niliitikia kwa kichwa. Katika nyumba ile ndimo mama alimonizalia. Miezi yote nilikuwa namwomba Mungu baba asirudi kule, na sasa nilitaka kukimbia nyuma ya gari nimwombe asiifunge.