Vidonge vya Nguvu na Kuku wa Mama Mkwe

Mke wangu si mtu wa kunyamaza. Akipika anasema, akifua anasema, hata akisali humpa Mungu habari za majirani wote wa mtaa wetu hapa Kolwezi, kana kwamba Mungu hawaoni. Kwa hiyo mwaka ule aliponyamaza, nilijua nyumba imeingia matatani. Alikuwa akiniwekea bukari, ugali wetu, mezani, ananawisha mikono yangu kwa heshima zote, kisha anakwenda kukaa nje. Heshima ile ilinitisha kuliko matusi.

Sababu niliijua. Kwa miezi mingi nilikuwa nikilala kitandani mwake kama mgeni. Moyo ulitaka, mwili ukagoma. Mwanzoni nilisema ni uchovu wa kazi, naye akanikanda mgongo. Baadaye nikasema ni joto. Mvua ilipokuja, joto likaisha na mimi nikabaki bila kisingizio. Mwanamke akichoka kusikia neno uchovu, anaanza kuuita uchovu huo jina la mwanamke mwingine.

Siku ya Jumatano akavunja kimya chake, na afadhali asingekivunja.

"Tata," aliniambia, "kama uko na bibi mungine, sema. Kama hausemi, siku ya Mungu kiisha misa tantine atakuya, tutasemea mbele yake. Kiisha pale mi nakwenda kwa kaka yangu ku Kasaji."

Tantine ni shangazi yake, dada wa marehemu baba mkwe. Kwa watu wetu waliotoka kaskazini mwa Katanga, mambo ya chumbani hupelekwa kwa shangazi, na shangazi hayabebi peke yake. Anakuja, viti vinatolewa, ndugu wanakaa duara, na mwanamume anaulizwa mchana kweupe. Kwangu kulikuwa na majibu mawili tu: ama nina mwanamke wa nje, ama mimi si mwanamume tena. La kwanza lilikuwa uongo ambao ungeniondolea mke. La pili lilikuwa kweli, na nilidhani nalo lingeniondolea mke vilevile. Nilimpenda mke wangu, nasema wazi, na kwa mara ya kwanza niliona mlango wa nyumba yangu kama mahali anapoweza kutokea asirudi.

Mimi ni fundi wa malori makubwa mgodini. Lori likipoteza nguvu, natazama pampu, natazama mafuta, natazama mipira, na kabla ya jua kuzama najua ugonjwa wake. Nikajidanganya kwamba hata jambo hili lina utaratibu: nitauliza dawa zilizopo, nitazilinganisha, nitachagua. Nilianza na mchomeleaji mmoja karakanani, mtu mzima mwenzangu. Sikumwambia ni mimi. Nilisema ni jirani yangu.

Akasema jirani yangu anunue sildenafili. Ameze saa moja kabla, tumbo likiwa jepesi, asile mafuta mengi, kwa sababu mafuta huichelewesha. Itamsaidia saa nne, pengine tano, basi. Dereva mmoja aliyekuwa akila karibu nasi akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Hiyo, alisema, ni ya watu wenye miadi. Mtu mwenye ndoa yake anakunywa tadalafili: anameza Ijumaa, na mpaka Jumapili bado iko kazini, hata akila nyama ya nguruwe. Mchomeleaji akajibu kwamba hiyo ilimuumiza mgongo. Dereva akasema na ile ya kwanza ilimfanya aone kichwa kinapasuka na uso unawaka. Nikagundua kwamba jirani zangu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri.

Jioni nikapita sokoni. Muuzaji wa farmasi ya kwanza akanionyesha dawa ya tatu, vardenafili, akasema ni kali kuliko zote. Wa farmasi ya pili akasema hapana, hiyo ni sawa na ile ya kwanza, imebadili shati tu. Akaniambia pia kwamba tadalafili ina vidonge vidogo vya kumeza kila siku, mtu asiwaze tena saa. Wa tatu akanishauri nichukue nusu ya hii na nusu ya ile. Mama mmoja anayeuza mizizi kando ya barabara alikuwa amenisikia nikizunguka, akaniita tata kwa upole mwingi, akasema wazungu wametengeneza aina tatu kwa sababu hakuna hata moja inayofaa. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga. Wahenga hawakufika soko letu na swali kama langu.

Dawa hizi hutolewa kwa karatasi ya daktari, lakini hakuna aliyeniomba karatasi. Na hakuna aliyeniuliza ninakunywa dawa gani nyingine. Nami sikusema. Mfukoni mwa shati nilikuwa na kichupa cha vinini, vidonge vidogo ambavyo daktari wa kazini alinipa kwa maumivu ya kifua. Yakinikamata, naweka kimoja chini ya ulimi. Daktari alinionya nisichanganye na dawa nyingine kabla ya kumwambia. Nilielewa kwamba anasema dawa nyingine za kifua. Katika lori, breki ni breki na honi ni honi. Kwa nini kifua changu kijue habari za huku chini?

Nikarudi nyumbani na sildenafili na tadalafili ndani ya mfuko wa salopeti, ovaroli yangu ya kazi, kichwa kikiwa kizito kuliko nilivyotoka.

Mtu angeniuliza, kwa nini usiende kwa mjuzi? Mjuzi alikuwepo. Farmasi nzuri kuliko zote karibu na kwetu ni ya mwanamke aliyefanya kazi ya uuguzi hospitalini mpaka akastaafu, mwenye diploma yake ukutani. Mwanamke huyo ni mama mkwe wangu.

Kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake, hasemi naye, hakai naye kwenye mkeka mmoja, akimwona anakuja anabadili njia. Kuna siku ya kufunguliwa: wazazi wa mke huleta kuku, anapikwa, mkwe anakula mbele yao, na kuanzia hapo anakuwa mtoto wa nyumba. Yangu ilikuwa imepangwa, lakini baba mkwe akafariki ghafla, msiba ukaifunika, na hakuna aliyethubutu kuikumbusha. Kwa hiyo tangu niwe kijana mpaka nikaota mvi, nilizunguka mtaa mzima nisipite mbele ya farmasi ile. Mama mkwe nilimjua kwa mgongo, kwa kilemba na kwa kikohozi. Ningemwulizaje tofauti ya vidonge vya nguvu?

Jumamosi sikuwa na zamu. Nilijiambia leo ni leo, ili kesho shangazi atukute na amani. Lakini nichukue ipi? Mchana nilikuwa nimekula sombe, kisamvu chetu, iliyojaa mawese na karanga, hivyo ile isiyopenda mafuta ilikuwa imenitupa mkono. Nikaifikiria ile ya siku mbili. Hiyo ingekuwa nami kesho misani, na kwenye duara la ndugu, mbele ya shangazi. Nikakumbuka ushauri wa nusu kwa nusu. Nikatembea toka mlangoni mpaka jikoni, toka jikoni mpaka mlangoni, na kila nilipofika upande mmoja niliona ukweli uko upande wa pili. Mwishowe nikasema nitakamata kitakachotangulia mkononi.

Nikaenda kwenye salopeti. Ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, inachuruzika maji. Mifuko ilikuwa imetolewa nje kama ndimi.

Mke wangu hakuwepo. Nilielewa mara moja: amekuta vidonge, ana ushahidi wa mwanamke wa nje, ameupeleka kwa shangazi bila kungoja Jumapili. Kifua kikaanza kunibana. Nilikuwa bado nimesimama pale, mkono kwenye kichupa changu, niliposikia kikohozi ninachokijua kikiingia uani, kwenye lupango letu.

Hakuwa shangazi. Mke wangu alikuwa anatangulia, na nyuma yake mama mkwe, kuku chini ya kwapa. Mama mkwe haingii kwa mkwe asiyefunguliwa, labda kuwe na msiba. Mimi na mvi zangu nikakimbilia bafu letu la mabati kule pembeni, nikajibanza ndani pamoja na ndoo.

Hakunifuata. Niliona kwa tundu la bati jinsi alivyoomba kiti, akakigeuza, akakaa akiupa mgongo bafu. Akamweka kuku mapajani. Kisha akasema na kuku, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa amri wodini.

"Weye kuku, sikia. Kuko mwanaume mumoja anatiaka kinini ya moyo chini ya ulimi. Mutoto wangu njo ameniambia. Sasa anatafuta tena kinini ya nguvu. Umuambie hivi: ile ya saa kidogo, ile ya siku mbili, na ile ingine, yote ni ndugu. Moja inakawia, ingine haikawie, ni ile tu. Lakini hakuna hata moja yenye kusikilizana na ile ya moyo. Akiyachanganya, tansio ya damu inaanguka, naye anaanguka. Umuulize, amekwisha kunywa?"

Kuku akapepesa jicho. Mke wangu akasimama, mikono kifuani, akitazama mabati.

"Kuku," nikasema, na sauti yangu ndani ya bafu ilikuwa ya mtu mwingine, "ambia mama, bado. Nilishindwa kuchagula."

Nilimwona mama mkwe akiinamisha kichwa, na mabega yake yakashuka. Nilidhani anacheka. Angekuwa na haki ya kucheka. Kuchanganyikiwa kwangu kulikuwa kumeniokoa kuliko akili yangu. Lakini hakuwa akicheka.

"Kuku, umuambie tena," alisema polepole. "Tata ya huyu mutoto wangu, batu bote banasema moyo njo ulimuua. Ni kweli. Alikuwa anakunywa kinini ya moyo, mi mwenyewe nilikuwa ninamupatia. Kiisha maziko nilifungula valizi yake ya manguo, nikakuta na ile ingine ya nguvu. Mi niko infirmière, nilikuwa ninauguza batu. Alikuwa analala pembeni yangu, akasikia haya ya kuniuliza. Na mi niliona iko na shida, nikasikia haya ya kumuuliza. Sikuambia mutu. Leo huyu mutoto ananiletea plaketi ya zile kinini, nikaona ile valizi tena."

Mke wangu hakuwa amejua. Alikuwa bibi arusi mchanga baba yake alipofariki, na mpaka siku ile alikuwa akimlilia kama mtu aliyeitwa na Mungu bila sababu. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake. Nilitaka kutoka nimshike. Lakini haya ilikuwa bado imekaa mlangoni.

Kisha mke wangu akainuka, akaja mpaka kwenye bafu, akasimama upande wa pili wa bati. Akaniuliza vile vidonge nilinunua kwa ajili ya nani. Nikamwambia kwa ajili yake, tangu mwanzo kwa ajili yake, na kwamba niliogopa Kasaji. Akapiga bati kwa kiganja mara moja, kwa nguvu, ndoo ikaruka na mimi nikaruka.

"Weye tata ni bure kabisa," akasema, na nikasikia kwamba amerudi.

Yule kuku alichinjwa. Nilikula mbele ya mama mkwe, paja zima, huku jasho likinitoka, na yeye akala bila haraka mpaka akamaliza mifupa. Alipokwisha kunawa akatoa kwenye mfuko wake mashine ya kupimia tansio, akaniambia nimpe mkono, akaniita mtoto wangu. Nikainua macho. Ana macho yaleyale ya mke wangu, na nilikuwa nimeyakimbia miaka yote ile. Shangazi alikuja Jumapili, akapewa chai na mandazi, akaondoka akilalamika kwamba ameitiwa nini.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari, sisi watatu. Alinieleza mambo marefu ambayo hata leo nayashika nusu: kwamba shida ya chini mara nyingine ni moyo unaopiga hodi, kwamba hata dawa ya tansio ninayomeza kila asubuhi inaweza kuwa na mkono wake, kwamba kwanza ataupima moyo, na mpaka hapo vidonge vyote vya nguvu, virefu na vifupi, ni haramu kwangu. Nikauliza basi kipi kilikuwa bora. Akasema swali langu halikuwa hilo. Sikuelewa vizuri, lakini mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, nami nikatikisa changu.

Ila kabla ya maelezo hayo yote, tulipoingia tu na kukaa, mke wangu upande huu na mama yake upande ule, daktari aliweka kalamu chini, akauliza tatizo ni nini. Mke wangu alitazama mikono yake. Mama mkwe alinitazama mimi, usoni kabisa. Nikatazama chini ya meza, nikatazama dirishani. Hapakuwa na kuku. Nikasema mwenyewe.